Eksirei ya kumeza jijini Dodoma: picha safi, maelezo haba

Baba yangu alipata kiharusi mwaka jana, na tangu aliporudi nyumbani Bahi tuliamini kwamba kumeza kwake kumetengemaa, kwa kuwa hatukumsikia akikohoa wala kupaliwa wakati wa kula. Homa ya mapafu iliyomrudia mara mbili katika miezi mitatu ndiyo iliyomtia daktari shaka, akatuandikia eksirei ya kumeza katika kituo kimoja cha mionzi hapa jijini Dodoma.

Nianze na dosari ya dirishani. Vipo vipimo viwili vinavyotumia bariamu, ule unga mweupe unaokorogwa na maji ukafanana na chokaa. Kimoja huchunguza umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, kikitafuta mahali palipobana au penye uvimbe. Cha pili, ambacho ndicho tulichoandikiwa, hutazama kinywa na koromeo wakati mgonjwa anameza. Mpokeaji alituwekea miadi ya kile cha kwanza na kumwagiza baba afunge tangu usiku, jambo ambalo kwa kawaida halihitajiki kwa kipimo cha koromeo. Kosa liligundulika mlangoni pa chumba cha mionzi, saa tano asubuhi, mzee akiwa hajatia kitu kinywani.

Ndani ya chumba mambo yalikuwa tofauti kabisa. Mtaalamu alinivisha aproni ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, akamketisha baba wima, ubavu ukielekea mtambo, kisha akamwambia kwa upole, "Shikamoo mzee. Nikiinua mkono, ndipo umeze." Mionzi ilipigwa mfululizo wakati wa kumeza tu na kuzimwa kati ya funda moja na jingine, hivyo kwa jumla haikuzidi dakika chache, na picha zilitembea kwenye kioo kama filamu.

Funda la kwanza lilikuwa jepesi kama maji. Niliona mstari mweusi ukishuka nyuma ya ulimi, kisha uzi mwembamba ukaachana nao, ukapita katikati ya nyuzi za sauti na kuteremka kwenye bomba la hewa. Baba alikuwa ametulia, hakukohoa, hata kope hazikumcheza. Miezi yote ile masikio yetu yalikuwa yanatudanganya, kwa sababu koo lililopoteza hisia haliwezi kujitetea kwa kikohozi.

Sifa kubwa ninayowapa ni kwamba walitutaka tubebe chakula anachokula nyumbani. Uji mzito wa uwele uliochanganywa na bariamu ulipita salama, isipokuwa mabaki yaliyobaki kwenye koromeo, nayo yaliondoka alipomeza tena mate matupu. Mlenda ulitushangaza. Mimi nilidhani utelezi wake ungemsaidia, kumbe ulivutika, ukatangulia kooni kabla hajaanza kumeza. Alipoinamisha kidevu kifuani, maji yaliyoingia kwenye njia ya hewa yalipungua kuliko mwanzo, ingawa mtaalamu alisisitiza kwamba mbinu hiyo haiwafai wagonjwa wote na ndiyo maana hujaribiwa mbele ya kioo kwanza.

Tulipotoka, muuguzi alitueleza, sawasawa kabisa kwa mgonjwa wa kawaida, kwamba choo kitakuwa cheupe kwa siku chache na bariamu huweza kuleta ufungaji wa choo, hivyo mzee anywe maji kwa wingi. Yaani mtu aliyeonekana robo saa iliyopita maji yakimwingia njia ya hewa! Nilirudi chumbani mwenyewe kuuliza, nikaelekezwa maji yatiwe unga maalumu wa kuyafanya mazito na anyweshwe kwa kijiko. Ningekuwa mtu wa aibu, tungekwenda nyumbani na ushauri ule.

Ripoti nayo ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili, bila mtu wa kuifafanua. Humo baba alipewa alama 8 kwa maji, kwenye kipimio cha ngazi 1 hadi 8, na mtu asiyejua anaweza kuifurahia kama alama ya mtihani, ilhali 8 ndiyo mbaya kuliko zote: kitu kimepita chini ya nyuzi za sauti na mwili haukujaribu kukitoa. Ombeni pia nakala ya picha zenyewe kwenye flashi. Sisi tulipewa baada ya kudai mara mbili.

Kwa kazi ya chumbani nawapa nyota tano kati ya tano, na kwa dirishani na maelezo nawapa mbili. Tumepangiwa kurudi baada ya wiki sita, na baba ameshaagiza kwamba siku hiyo mlenda ubebwe tena, safari hii upikwe mzito zaidi.