TAHADHARI: Plagi za "iridium" za bei chee zinazotumwa mikoani kwa basi

Wakuu, habari za kazi. Nyie wa bodaboda wa mikoani mnaoagiza spea Dar kwa simu, someni hii kabla hamjatuma hela.

Kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya bodaboda anauza plagi za NGK iridium, yaani zenye ncha ya madini ya iridium. Anadai zimetoka Japani moja kwa moja, shilingi 12,000 moja, na ukichukua tano nauli ya basi juu yake. Jina silitaji, maana lenyewe analibadilisha kama anavyobadilisha laini. Mtamjua kwa staili yake: picha zote ni za maboksi. Ukimwomba apige picha ya plagi yenyewe, ncha ionekane kwa karibu, anakuja juu: "Kama huna hela si useme!" Hela inatangulia, mzigo unafuata, ukilalamika anakubloku.

Mzigo wake nimeushika mkononi. Vijana wa kijiwe cha jirani waliagiza kwa kuchangishana, wakaniletea niwafungie kwenye Mchina zao za 125 (pikipiki za Kichina za cc 125). Boksi huwezi kulitilia shaka, limeandikwa DR8EIX safi kabisa. Kasheshe linaanza ukitoa kilichomo. Iridium halisi ya NGK ncha yake ya katikati ni nyembamba sana, unene wa milimita 0.6, na imechomelewa kwa leza. Hizi ni plagi za kawaida, ncha nene, mtu kakaa chini akazichonga na tupa kama penseli. Mikwaruzo ya tupa bado ipo! Washa, ile ringi ya chuma kwenye uzi, ikatoka nilipoizungusha kwa vidole, wakati kwenye orijino imebanwa, haichomoki kirahisi hivyo.

Nikachukua tesa ya kupimia umeme. Ile R kwenye namba maana yake ndani kuna rezista (kizuizi cha umeme) ya karibu kiloomu 5. Gusa waya mmoja kwenye kichwa pale kofia inapokaa, mwingine kwenye ncha ya katikati. Zote zilisoma sifuri, yaani rezista haimo. Hiki kipimo hakihitaji ufundi wowote, na duka lenye plagi halali halikukatazi kukifanya kaunta.

Kijana mmoja alikuwa ameshafunga ya kwake. Asubuhi anapiga kiki mpaka jasho, akipakia abiria na kupanda mlima pikipiki inamisi, moto unakatikakatika. Nilipoifungua, kauri nyeupe ilikuwa inacheza ndani ya chuma chake, ukiishika inazunguka. Hapo moshi wa silinda unavuja, plagi inachemka kupita kiasi, na kauri ikipasuka vipande vinadondokea juu ya pistoni. Hesabu mwenyewe bei ya silinda na pistoni.

Janja ya pili ya huyo muuzaji ni kuwaambia watu "zote zinaingiana". Uongo. Kwenye namba za NGK, D ni uzi wenye upana wa milimita 12 na C ni wa milimita 10, hapo angalau itakataa kuingia na utashtuka. Hatari ipo kwenye urefu wa uzi: E ni milimita 19, H ni milimita 12.7. D8EA na D8HA zinaingia tundu moja. Ukitia ndefu kwenye heda (kichwa cha silinda) ya fupi, pistoni inaweza kuigonga. Ukitia fupi kwenye heda ya ndefu, masizi yanajaa kwenye uzi uliobaki wazi na moto unakuwa hafifu. Ile 8 ni joto: kwa NGK na Denso namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, yaani inapoteza joto haraka, kwa Champion na Bosch ni kinyume chake. Kwa hiyo usikubali fundi akubadilishie kampuni kwa kulinganisha namba tu.

Na kwa kweli, Mchina ya 125 yenye kabureta na injini ya CG inahitaji iridium ya nini? D8EA ya kawaida, au D8TC ya Torch, gepu (nafasi ya kurukia cheche) milimita 0.6 hadi 0.7, inapiga kazi vizuri tu. Angalia kitabu cha pikipiki yako, nunua namba ileile. Ukifunga mpya, zungusha kwa mkono mpaka ikae, kisha spana nusu mzunguko, basi. Kuna watu wanakaza plagi utadhani ni nati ya tairi la fuso.

Waliopigwa tayari: tunzeni meseji za muamala, mazungumzo, risiti ya basi na boksi lenyewe, mpeleke malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ndio wanaoshughulikia bidhaa bandia. Huyo muuzaji ameanza kuwaambia baadhi ya watu "rudisha mzigo nikurudishie hela". Msirudishe. Hao vijana wa kijiwe walirudisha plagi tatu, hela hawajaiona, na ushahidi umeenda nao.