Marini bodi za hadwea hapa Mwanza: zinafaa kujengea kaboti ka kuingilia mafunjoni?

Niseme mapema kwa wenye haraka: hizi marini bodi zinazouzwa hadwea za hapa mjini nyingi ni za kumwagia zege, sio za boti, jina lisikuzuzue. Ila ukijua kuchagua unatoka na kachombo kazuri tu, mimi nimetoka nako na kanaelea mpaka leo.

Ramani niliyotumia ni ya kaboti ka kuwindia bata, vile vya Wamarekani. Asili yake huko New Jersey, ghuba ya Barnegat, fundi anayeitwa Hazelton Seaman ndo anatajwa kutengeneza cha kwanza mwaka 1836, kwa mbao za mti wa kwao. Ni chombo cha futi 12 hivi, kipana, kifupi kwenda juu, sehemu kubwa imefunikwa sitaha, katikati limebaki tundu la mtu mmoja kujilaza, unajifunika majani unatulia, bata anakuja mwenyewe. Yangu ni ile iliyorahisishwa ya plaiwudi, chini bapa. Mimi sio mwindaji, na bata maji wa huku ukiwapiga bila kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, ni kesi, upande wa Saanane ndo usithubutu kabisa maana ile ni hifadhi ya taifa. Nilitaka tu kitu cha kupigia picha ndege na kutupa ndoano jioni, kiingie kwenye matete na mafunjo upande wa Luchelele huku ambako maji ni ya magotini.

Kuna watakaosema si ungenunua mtumbwi Mwaloni, pale soko la samaki la Kirumba, yakaisha. Mtumbwi wa mbao ni mzuri na mafundi wa Kirumba siwawekei neno, wale wanajua kazi, ila ule ni wa kukaa majini, ukiuanika juani mbao zinakauka zinasinyaa, maungio yanaachia, ukirudisha ziwani unaanza upya kutia kalafati ya pamba. Mimi nakaa juu mlimani, chombo changu lazima kipande kirikuu kirudi nyumbani, na watu wawili wakibebe bila kugombana. Hapo plaiwudi inashinda.

Sasa twende kwenye bodi zenyewe maana hapa ndo pesa inapotea.

Ukiingia hadwea ukasema marini bodi utaletewa ile nyeusi au kahawia inayong'aa, milimita 18. Ule mng'ao ni karatasi iliyolowekwa gundi ikabandikwa kwa moto na mgandamizo ili zege lisishike. Muuzaji atakuapia haiingizi maji. Ni kweli usoni haiingizi, ila maji hayapitii usoni wakuu, yanapitia pembeni ulipokata na kwenye matundu ya skrubu. Halafu ule mng'ao uliowekwa ili zege lisishike, na gundi yako nayo haitashika, kwa hiyo kila sehemu ya kuunga unaukwangua kwa grainda mpaka uone mbao, na vumbi lake sio la kuvuta, vaa barakoa. Uzito sasa: shiti moja ya futi 4 kwa 8 ya milimita 18 ni kilo 30 na zaidi, na haikunji, ukitaka ile kona ya omo, yaani mbele ya chombo, ipande juu itakutolea macho tu. Kwa boti ndogo naipa nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu nimeifanya meza ya kufanyia kazi.

Ramani inataka plaiwudi ya okume milimita 6, yenye muhuri wa BS 1088, kile kiwango cha Waingereza cha plaiwudi ya boti. Hapa nilicheka kidogo. Okume ni mti wa Gabon, yaani Mmarekani ananiandikia mimi Mwafrika nitafute mbao ya Afrika na nimezunguka Makoroboi hadi Igoma sijaiona. Ikabidi nitafute mbadala, na mbadala upo, plaiwudi nyembamba ya milimita 6 isiyo na mng'ao, yenye uso mwekundu mwekundu, shiti kama kilo 10 na kitu. Shida wanauza za aina mbili zinazofanana kabisa, moja gundi yake inahimili maji na nyingine haihimili, na duka moja (silitaji) waliniuzia moja kwa bei ya nyingine wakiniambia zote ni "za maji".

Dawa yake ni sufuria. Omba kipande, wakikunyima nunua shiti moja kwanza usibebe zote, kata kipande cha kiganja, chemsha masaa kadhaa, kianike, chemsha tena. Ile niliyouziwa kwa bei kubwa ilichambuka kama chapati ya kusukuma kabla hata maji hayajapungua kwenye sufuria. Ya duka la pili ilitoka imevimba kidogo pembeni lakini tabaka zote zimeshikana, hiyo ndo nimejengea. Wengine wanaangalia rangi ya mstari wa gundi, ukiwa mweusi au kahawia wanasema ndo yenyewe, sawa ni dalili, ila gundi inatiwa rangi pia, sufuria haitiwi rangi. Angalia na kingo, wakiwa wamezipaka rangi jua kuna mashimo wamefunika, na uigonge gonge kwa kidole shiti nzima, panapolia pakavu ndani kuna uwazi, na uwazi huo ukiangukia sehemu inayokunjwa itapasuka hapo hapo. Plaiwudi ya pili naipa nyota nne, ingepata tano kama shiti zote zingekuwa sawa, moja kati ya nilizobeba ilikuwa na uwazi nikaitumia kwenye sitaha.

Kwa sakafu nilichukua ile ya mng'ao lakini milimita 12, nikakwangua ndani tu, nje nikaacha ung'ao wake, na nakiri inateleza vizuri ajabu juu ya matope na gugu maji. Uzito upo ndio, ila ukikwama juu ya jiwe hulii.

Kuhusu kuunga: unatoboa vitundu kingoni, unashona vipande kwa waya laini ya kufungia nondo, chombo kinasimama chenyewe bila mataruma (zile mbavu za ndani), halafu unajaza kona kwa gundi iliyochanganywa na unga laini wa mbao, juu unalaza utepe wa faiba. Ndo mfumo uliotumika kwenye boti ndogo za tanga za Mirror za Uingereza miaka ya 1960 na watu wa kawaida wakajijengea nyumbani kwa maelfu. Kwa kuwa shiti ni futi 8 na boti ni 12, lazima uunge kwa kuchonga mshazari, unene mara nane, yaani kwa milimita 6 mshazari wa milimita 48. Hii kazi nilimpelekea mzee mmoja seremala mtaani kwetu, shikamoo nyingi, akaangalia ile michoro akaniuliza, "Mwanangu, hili ni kabati au jeneza?" Nikamwambia mzee ni mtumbwi. Akanyamaza, akanoa randa, akachonga mishazari yote kwa mkono bila mashine na ikakaana mpaka huoni kiungo. Nyota tano na soda juu. Ubaya wake simu hapokei, unamfuata.

Rezini, yaani hiyo gundi ya kona na faiba: usidanganywe na ile ya wapaka bampa za magari. Ni rahisi na inapatikana, ila ile inashika vizuri faiba kwa faiba, kwenye mbao baada ya muda inabanduka ganda zima, halafu harufu yake majirani watakuitia mjumbe. Tumia epoksi. Mimi niliagiza Dar ikaja na basi, bei imechangamka kweli, karibu ilingane na plaiwudi zote. Na kwa joto letu changanya kidogo kidogo kwenye sahani pana, ukiiacha nyingi kwenye kopo inapata moto, inatoa moshi, inaganda na brashi yako ndani. Ikishakauka ipake rangi, jua linaila. Mimi nimepaka rangi ya tope, ndege mnandi wananipita kichwani hawana habari.

Majini sasa. Asubuhi kwenye mafunjo ni raha tupu, nasukuma kwa upondo, kinapita mahali maji yako chini ya kiwiko cha mguu. Kinatulia, unaweza kugeuka na kamera bila kuyumba. Ila mchana upepo wa ziwa ukianza, rudi. Kingo zake ziko chini sana, kimetengenezwa kwa vinamasi sio kwa ghuba wazi, wimbi la boti kubwa likija ubavuni linaingia bila hodi. Omo na tezi (mbele na nyuma) nimejaza madumu matupu ya lita 20 yaliyozibwa, kikijaa maji hakizami, na laifu jaketi siivui. Kwenye kushusha na kupandisha vaa buti za mpira, kichocho kwenye kingo hizi kipo.

Mtu anayetaka kuvulia kibiashara, au kuvusha hata mtu mmoja kwenda ng'ambo, hiki sio chake, aende Mwaloni akaongee na mafundi, na awaulize TASAC, wanaosimamia vyombo vya majini, habari za usajili kabla hajalipa fundi. Kwa ndege na ndoano, nunua ya milimita 6 iliyopita sufuriani, na risiti usiitupe mpaka umeshachemsha.