Daftari la kubandika picha za safari: lipi ununue hapa Arusha na Moshi

Wadau, umerudi safari, Ngorongoro au Materuni au hata Kilimanjaro kwa njia ya Marangu ukaishia kambi ya Mandara kwenye mita 2,720 (hamna shida, picha unazo), simu imejaa, mfukoni kuna tiketi, risiti na kipande cha ramani, na unataka vyote vikae kwenye daftari moja ubandike, uchore, uandike. Shida ni kwamba wengi tukifika dukani tunaangalia kava tu. Angalia mgongo na uzito wa karatasi, maana picha ya inchi 4 kwa 6 ukiongezea na kipande cha kitenge ukurasa unanenepa, sasa piga kurasa thelathini uone kama hicho kitabu kitafunga.

Namba moja kwangu, na zingine ziko mbali sana, ni manila ya kubaindi. Nenda steshenari yoyote inayobaindi ripoti za wanachuo, chagua manila nyeusi au krimu, wakukatie A5, manila moja ya saizi ya A1 inatoa vipande 16 kwa hiyo mbili zinatosha kabisa, alafu wakupigie spairo. Hapo kwenye spairo ndio usimamie mwenyewe: karatasi zako zikiwa na unene wa milimita 8, we omba ya 16 au zaidi. Jamaa atakwambia "dada hii itacheza", mwambie icheze hivyo hivyo, hiyo nafasi ndio picha zinakuja kuijaza. Kama wanayo ile ya plastiki yenye meno yanayofunguka chukua hiyo, unaongeza na kutoa kurasa unavyotaka.

Ya pili kaunta buku, kwaya 2, ile ya kurasa 192. Bei poa, kava gumu, ipo kila duka mpaka kijijini. Ubaya karatasi yake nyepesi na ina mistari, kalamu ya wino inatokea upande wa pili, kwa hiyo gandisha karatasi mbili mbili kwa gundi ya stiki, na katikati ya hizo mbili mbili kata moja ubakize sentimita 2 pale mgongoni ili kitabu kipumue, la sivyo kitaachama kama kiboko. Kwaya 3 na 4 achana nazo, mzigo tu.

Droingi buku ya watoto nayo sio mbaya, haina mistari, ila imeshikwa na pini mbili tu katikati, kwa hiyo iwe ya safari fupi, chemchemi za Chemka kwenda na kurudi.

Diary za ngozi zenye shanga za soko la Wamasai ni nzuri kumpa mtu zawadi. Kabla hujalipa fungua ndani ushike karatasi, mara nyingi nyepesi, na bei wameipanga kwa ajili ya wageni, kwa hiyo bargeni bila aibu.

Ya mwisho kabisa ni albamu zile za plastiki ya kubandua zenye gundi kwenye ukurasa, hata upewe bure. Gundi yake inageuka njano, picha inang'ang'ania, siku unataka kuitoa inachanika.

Gundi sasa: stiki kwa picha, nyeupe ya mbao kwa kitenge na vitu vizito, supagluu hapana. Picha ya printa ya wino usiipake gundi ya maji, rangi inachuruzika, bora picha ukaisafishie studio. Risiti za EFD, zile za mashine, toa kopi ubandike kopi, maana ile karatasi inafifia mpaka inabaki nyeupe. Na maua ya mlimani msichume jamani, ndani ya hifadhi hairuhusiwi, jani la kahawa kutoka shambani kwa bibi Kibosho linatosha, ila libane kwenye kitabu kizito likauke kabisa kwanza, likibaki na unyevu linaota ukungu na ukurasa wa jirani nao unaenda.