Fizi kurudi nyuma: nilichotumia, nilichofanyiwa, na kama ningelipa tena

Naandika kwa ajili ya wenzangu ambao meno ya mbele ya chini yameanza kuonekana marefu kuliko zamani, na maji ya baridi yakiyagusa unaruka kwenye kiti. Kabla ya kumpata mtu aliyenitibu kwa kueleweka nilipitia dawa nyingi, nyingine za bure, nyingine za bei ya kukukosesha usingizi. Nitasema kila moja ilinifanyia nini, bila kupamba.

Nianze na za mtaani, maana hapa Dar ukilalamika fizi kila jirani ni daktari. Mafuta ya karafuu yanafanya kazi, ila kazi yake ni kutuliza maumivu kwa muda tu. Ukiyapaka matupu bila kuyapunguza makali yanababua fizi, na ngozi ya mdomoni inachubuka siku hiyo hiyo. Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, hayana gharama, na mpaka leo nasukutua nayo, lakini ugaga uliokwisha kuganda kwenye jino hayautikisi hata kidogo. Unga wa mkaa siushauri kabisa. Fizi ikishuka, sehemu ya jino inayobaki wazi ni mzizi, na mzizi haukuumbwa na lile ganda gumu lililoko juu. Kuusugua kwa mkaa ni kuupiga msasa. Halafu kuna vile vichupa vya kahawia wanavyopita navyo wachuuzi kwenye foleni, wakikuahidi fizi itaota upya. Hela hiyo nunua samaki. Fizi iliyokwisha kurudi nyuma haipandi yenyewe kwa dawa ya kupaka, iwe ya mtaani au ya duka lenye kiyoyozi.

Duka la dawa nalo lina hadithi yake. Ukisema tu "fizi zinatoa damu" unawekewa flajili, vile vidonge vya kuua vijidudu, kwenye bahasha kabla hujamaliza sentensi. Damu ilikata kweli. Nikatembea kifua mbele, kisha ikarudi vile vile. Baadaye nilielezwa kwamba vijidudu vinakaa kwenye utando na ugaga uliojibanza chini ya fizi, na kidonge hakiung'oi ugaga. Ukiacha dozi, vinarudi nyumbani kwao maana nyumba ipo.

Kliniki ya kwanza niliyokwenda, ya binafsi, ilikuwa na makochi mazuri na runinga kubwa. Walinikalisha, wakapitisha mashine juu juu, wakanipaka kitu chenye ladha ya mnanaa, wakaniambia nimemaliza. Kwa usafi wa mahali nawapa alama zote. Kwa tiba, hapana: hakuna aliyepima chochote, na nilipouliza kwa nini jino moja la chini linacheza, jibu likawa tuling'oe tuweke la bandia. Nikasema asante, nikashuka ngazi.

Nilikopona ni kitengo cha meno cha hospitali ya serikali, na hapo ndipo penye maelezo marefu.

Foleni ipo, sitaificha. Mabenchi ni ya mbao, na dirisha la malipo liko jengo jingine. Lakini dokta aliyenipokea, kijana wa umri wa mwanangu, alinisalimia "shikamoo mama", akaniuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kuniuliza. Navuta sigara? Natumia kuberi au ugoro? Nina sukari? Nyumbani kuna mtu aliyepoteza meno mapema? Kuhusu sukari hakuridhika na jibu langu, akanituma maabara kwanza. Alisema kisukari kisichodhibitiwa na ugonjwa wa fizi vinachocheana, kwa hiyo kutibu kimoja na kuacha kingine ni kuchosha mgonjwa. Yangu ilikuwa sawa.

Kisha akatoa kijiti chembamba cha chuma chenye alama za milimita. Akawa anakichomeka taratibu kati ya fizi na jino, sehemu sita kwa kila jino, na muuguzi anaandika tarakimu. Mbili, tatu, tatu, tano, sita. Mpaka tatu, fizi ni nzima. Kuanzia nne na kuendelea, kuna kifuko ambacho mswaki haufiki chini yake. Nyuma ya meno ya mbele ya chini nilikuwa na sita. Hapo ndipo ugaga hupenda kujijenga, kwa sababu vitundu vya mate viko jirani chini ya ulimi. Picha ya eksirei ikaonyesha mfupa unaoshikilia meno hayo umepungua. Nilipiga picha ile karatasi ya tarakimu kwa simu, na nasema wazi kwamba katika yote niliyolipia, ile karatasi ndiyo iliyokuwa na thamani kuliko yote. Bila hiyo huwezi kujua kama unapona au unafarijiwa.

Tiba yenyewe ni kusafisha kwa kina, chini ya fizi, na wanafanya kwa sehemu, robo moja au nusu ya kinywa kwa siku. Unapigwa sindano ya ganzi. Sindano inauma kidogo, hasa ile ya mbele. Baada ya hapo husikii maumivu, unasikia tu mashine ikitetema na kurusha maji, halafu vyuma vya mkono vikikwangua mzizi. Ile sauti ya kukwangua ndiyo iliyonishinda. Mwenye moyo mwepesi aweke spika masikioni. Damu inatoka, wanafyonza. Ukirudi nyumbani mdomo umekufa ganzi kwa saa kadhaa, kwa hiyo usile mpaka iishe, utajing'ata. Mimi nilikunywa uji wa vuguvugu usiku huo, na asubuhi nikala mihogo ya kuchemsha bila tabu.

Sasa lawama yangu kwao. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba baada ya kusafishwa hali itaonekana mbaya zaidi. Uvimbe ukishatoka, fizi inanywea na kushika jino, na kwa hiyo meno yanaonekana marefu zaidi, na kati ya jino na jino panabaki vipembetatu vyeusi. Ugaga nao ulikuwa umefunika mzizi. Ukiondoka, baridi inapita moja kwa moja. Wiki za mwanzo nilishindwa hata juisi ya ukwaju. Nilidhani wameniharibu. Nilirudi na maneno mdomoni, dokta akacheka kidogo, akaniomba radhi, akapaka vanishi ya floridi kwenye mizizi na kunieleza. Maelezo hayo yalipaswa kuja kabla ya sindano.

Vya kutumia nyumbani alinitajia vichache. Dawa ya meno ya kuzuia meno kushtuka kwa baridi: soma ubavuni mwa tyubu utafute potasiamu naitreti au floridi ya stanasi. Niliyotumia ni Sensodyne, na haifanyi muujiza wa siku moja. Inataka wiki kadhaa za kupiga asubuhi na jioni, halafu siku moja unakunywa maji ya friji na hukumbuki kuogopa. Ukiiacha, kushtuka kunarejea. Ya kusukutua yenye kloheksidini alinipa kwa wiki mbili tu, na sababu niliiona kwenye kioo: inapaka meno rangi ya kahawia na chai inakosa ladha. Mswaki uwe laini, uuinamishe kuelekea fizi, uuzungushe kwa upole. Na vile vibrashi vidogo vya kupitisha katikati ya meno, ambavyo kwa mtu mwenye mapengo kama yangu vinasafisha vizuri kuliko uzi. Vinapatikana kwa shida na bei yake inakera, ila kimoja kinasuuzika na kutumika tena mpaka nywele zilegee.

Tulipopima tena, baada ya fizi kupewa muda wa kutulia, sita ilikuwa imeshuka kuwa nne, tano nyingi zimekuwa tatu, na damu hakuna. Jino lililokuwa likicheza bado linacheza kidogo, lakini natafunia, na halijang'olewa.

Niliuliza pia habari ya kupandikiza fizi, maana nilishaisikia. Wanachukua kipande cha nyama kwenye kaakaa wanashonea mahali pa mzizi ulio wazi. Bei yake ilizidi mshahara wangu wa mwezi, lakini si bei iliyonizuia. Daktari bingwa alikuwa mkweli: nyama na mfupa wa katikati ya meno vikishapungua kama vyangu, upandikizaji hauwezi kufunika mzizi wote. Ungefaa zaidi mtu ambaye fizi imeshuka upande wa mbele tu, kwa kusugua kwa nguvu au kwa fizi nyembamba ya kuzaliwa nayo. Mimi nikaacha.

Bima yangu ililipia kumwona daktari na picha, kusafisha kwa kina nikalipa mfukoni, kwa hiyo uliza kabla. Naambiwa nirudi kila baada ya miezi mitatu, na narudi. Kama nawe unataka kwenda, kliniki ya fizi haipo kila siku ya wiki: uliza siku yake dirishani, fika mapema, na ukikaa kwenye kiti sema unataka upimwe vifuko vyote na upewe nakala ya tarakimu zako. Wengine watakushangaa. Sema tena.