Kipima kebo cha mtandao: kinaona waya uliokatika, hakioni jozi zilizochanganywa

Nilikinunua kwa sababu mafaili kutoka seva kwenda kompyuta yangu yalikuwa yanakwenda megabaiti 11 kwa sekunde, hayazidi hapo, ilhali swichi, ruta na kadi za mtandao zote ni za gigabiti, yaani megabiti 1000 kwa sekunde. Namba hiyo peke yake ina maneno: baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 100 ukizigawa kwa 8 unapata megabaiti 12.5, na itifaki (kanuni za mawasiliano) zikichukua sehemu yake, inabaki 11 na ushee. Maana yake mahali fulani mawasiliano yameshuka hadi megabiti 100. Intaneti haikuonyesha dalili yoyote, kifurushi changu hakifiki huko.

Gigabiti hutumia jozi zote nne za nyaya zilizosokotwa ndani ya kebo. Megabiti 100 inatosheka na mbili, yaani zile za pini (meno ya kichwa cha kebo) 1, 2, 3 na 6. Waya mmoja katika jozi zilizobaki ukikatika, vifaa vingi havitoi onyo, vinashusha kasi tu na kuendelea. Kipima kina vipande viwili, kila kimoja ncha yake ya kebo, na taa 1 hadi 8 zinawaka kwa zamu. Ya 7 haikuwaka. Nilikata kichwa cha kebo, nikabana kipya, mafaili yakaanza kwenda megabaiti 110. Hapo kilinifurahisha kweli.

Sasa lawama. Kebo nyingine, iliyobanwa na fundi, iliwasha taa zote nane kwa mpangilio, lakini iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, ilionyesha kasi inayopanda na kushuka ovyo. Kichwa ni cha plastiki angavu, kwa hiyo rangi zinaonekana: pini 3 na 6 zilipewa nyaya za jozi mbili tofauti, pande zote mbili vilevile. Kusokotwa kwa jozi ndiko kunakozuia jozi moja kuingilia nyingine, na hapo kazi hiyo imeharibika. Kipima kinauliza tu kama umeme umefika upande wa pili, na umefika. Wala hakitakuambia kama ndani ni shaba tupu au alumini iliyopakwa shaba. Hiyo kwaruza kwa wembe, ukiona weupe ni alumini.

Swichi yake ya kuwashia ni legevu, ikijiwasha ndani ya mkoba betri inakwisha. Nyota 4 kati ya 5 kwa anayebana kebo mwenyewe. Kwa mwenye kebo moja ya kutilia shaka, abadilishe kebo kwanza.