Fundi wa ruta hapa Shangani: nimeridhika, ila kuna kasoro moja

Bando letu la mwezi lilikuwa linakata kabla ya tarehe 20, na nyumbani tuko watatu tu. Nikamwita kijana mwenye kibanda cha simu karibu na soko kuu la Mtwara. Akafungua mipangilio ya ruta, kile kifaa kinachosambaza waifai nyumbani, kwa kuandika anwani yake 192.168.1.1 kwenye kivinjari, tukahesabu pamoja: vifaa 11 vimeunganishwa, vyetu 4! Moyo ulinipasuka, kama nimekuta watu nisiowajua wamekaa sebuleni.

Nilichompendea ni kwamba hakufanya kimyakimya. “Mama, nenosiri la waifai ni moja, la kuingilia humu ni jingine.” Hilo la pili lilikuwa bado la kiwandani, “admin”, ambalo yeyote hulikisia. Tukabadili yote mawili. Nilipokuwa naandika, yeye akageukia dirishani. Heshima hiyo sitaisahau. Akazima WPS, ile njia ya mkato ya kuunganisha vifaa bila kuandika nenosiri, akaweka ulinzi wa waifai uitwao WPA2 kwa kuwa ruta yangu ni ya zamani, haina WPA3 ambao ni mpya zaidi. Wageni wetu wanaotutembelea nao wakapata mtandao wao pembeni.

Kasoro: hakusasisha programu ya ruta, nikaisasisha mwenyewe kesho yake. Alinitoza shilingi 10,000. Leo tarehe 27, bando bado lipo.