Kaya Kinondo: matembezi msituni chini ya wazee na Makumbusho

Kabla ya kuingia Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo kusini mwa Diani, Pwani ya Kenya, kila mgeni hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, mwanamume kwa mwanamke. Masharti husomwa hapo hapo: usiokote kitu, hata ukuni mkavu, usitoke njiani, msikumbatiane wala kubusiana, makaburini usipige picha. Msitu ni hekta 30 tu, umeota juu ya mwamba wa matumbawe, kwa hiyo vaa viatu vya kufunga. Ndara hazifai kabisa.

Waongozaji ni vijana wa Kidigo wa papo hapo, na umahiri wao uko kwenye miti: jina lake, kama dawa ni gome, mzizi au jani, na inatibu nini. Ule mti mkubwa ambao wageni hualikwa kuukumbatia tungeuacha; unaelekea mchezo wa watalii. Afadhali dakika hizo umuulize mwongozaji nani mwenye kauli juu ya msitu huu. Jibu lake ndilo linaloitofautisha huduma hii na matembezi mengine ya Pwani.

Wenye kauli ni wawili. Ngambi, baraza la wazee wa kaya, hushika miiko. Anayekata mti hutozwa mbuzi au kuku, achinjwe kuondoa mkosi. Adhabu hiyo humtisha aliyezaliwa hapa, maana anaamini mkosi utaingia nyumbani kwake. Mnunuzi wa viwanja kutoka mbali haimgusi. Kwake yeye kuna mwenye kauli wa pili, Makumbusho ya Taifa, na tangazo la serikali: kaya ilitangazwa kumbukumbu ya taifa (national monument) mwaka 1992, na mwaka 2008 ikaingia orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO pamoja na kaya nyingine za Mijikenda, makabila tisa ya Pwani wakiwemo Wadigo. Hata hivyo, afisa wa Makumbusho hawezi kulala msituni. Anayesikia shoka usiku ni jirani. Wala karatasi peke yake haitoshi: Kisiwa cha Chale, hapo karibu, nacho kina kaya, na hoteli ilijengwa humo miaka ya 1990.

Tunaipa alama nne kati ya tano. Iliyopungua ni ya fedha. Mgeni haonyeshwi waziwazi kiasi gani cha kiingilio kinaenda kwa wazee, kwa waongozaji na kwa kijiji. Ubao mmoja mlangoni ungetosha. Penye miti ya thamani hivi, mgao usiojulikana huzaa manung'uniko, na kijana aliyenuna ndiye hufumba macho nguzo zikikatwa. Tena wazee wanazeeka, na kijana anayejua miti si lazima ajue maneno ya tambiko.

Kwa anayetoka Mombasa: vuka feri ya Likoni, panda matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk au boda hadi Kinondo, na mpatane nauli ya kwenda na kurudi pamoja na kungoja, kwani kupata usafiri wa kurudi ni shida. Nenda asubuhi. Kati ya Aprili na Juni mvua hufanya matumbawe yateleze. Uliza mapema kama siku hiyo wazee wana shughuli yao msituni. Wakiwa nayo, wewe utangoja.